Jibu: Kanda za WORM haziandikwi mara ya pili

Ndugu, umeuliza kama kanda zako 20 za LTO-6 WORM (kanda za sumaku za kuhifadhi data, aina ya kuandikwa mara moja tu), ambazo muda wa kutunza data umeisha, zinaweza kufutwa zitumike tena. Haziwezi. Na usipoteze wiki nzima kama nilivyopoteza mimi nikihangaika na mipangilio ya programu.

Kizuizi hakipo kwenye programu. Igeuze kanda uitazame: mara nyingi nusu ya chini ya kasha ni ya kijivu, na herufi mbili za mwisho kwenye lebo ni LW badala ya L6 ya kanda za kawaida. Ndani yake kuna chipu ndogo inayoiambia draivu kuwa hii ni ya kuandikwa mara moja tu, na alama hiyo imewekwa pia kwenye utepe wenyewe tangu kiwandani. Ukiisajili upya kama kanda tupu, draivu itakataa kuandika juu ya data iliyopo.

Kitu kimoja kinawezekana: kuongeza data mwishoni. LTO-6 inabeba TB 2.5 bila kubana data, kwa hiyo kanda iliyojaa nusu bado ina kazi, mradi programu yako ya chelezo (nakala za akiba) inakubali kuendeleza pale ilipoishia.

Tafadhali usizipitishe kwenye mashine ya sumaku ukidhani zitarudi upya. Inafuta hata njia za servo zinazoiongoza draivu, na baada ya hapo hata LTO ya kawaida inakuwa takataka. Zilizojaa ziharibu kwa kusagwa, kwa idhini ya maandishi ya wenye data. Kwa chelezo za kila wiki, nunua kanda za kawaida.