Mvuke wa petroli ukivuja, tafuta tundu kabla ya kununua vipuri

Unaishi Marekani, gari la familia limewasha taa ya injini, na skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, inaonyesha msimbo P0442. Gari halitakuzimikia njiani. Msimbo huo unasema mfumo unaonasa mvuke wa petroli una upenyo mdogo, wa milimita moja hivi. P0456 ni mdogo zaidi, kama nusu milimita. Lakini usiuache. Mvuke huo unashika moto, na majimbo yenye ukaguzi wa moshi hayapitishi gari lenye taa hiyo.

Anza na mfuniko wa tangi. Upinde mpira wake kwa kidole, maana nyufa hujionyesha ukipindwa. Wa kwetu ulikuwa mzima.

Valvu inayopeleka mvuke kwenye injini nayo unaweza kuipima mwenyewe. Chomoa waya wake, washa gari, toa paipu ya upande wa tangi na uweke kidole kwenye valvu. Ukisikia kidole kinavutwa, valvu haifungi. Ya kwetu ilikuwa inafunga vizuri.

Fundi wa kwanza alitaka tubadilishe valvu zote pamoja na chombo cha mkaa, kile kinachonasa mvuke wa petroli. Nilikataa, nikatafuta gereji yenye mashine ya moshi, na ningekushauri ufanye vivyo hivyo. Fundi huifunga kwa skana valvu inayoingiza hewa kwenye mfumo, kisha anasukuma moshi ndani kwa shinikizo dogo mno, chini ya psi 1, ili utokee penye tundu. Kompresa ya matairi isiguse mfumo huu, inaweza kuharibu tangi. Tulimulika tochi kwa pembeni ndipo tukauona moshi, mwembamba kama uzi, ukitoka kwenye paipu ya mpira juu ya chombo cha mkaa, mahali ilipokuwa inasuguana na chuma. Ilitosha kuweka kipande kipya cha paipu, ile ya petroli, maana ya maji huozeshwa na mafuta, na kuisogeza mbali na kile chuma.

Ukishafuta msimbo, usikimbilie ukaguzi siku hiyohiyo. Kompyuta lazima ijipime upya, na magari mengi hayaanzi kipimo hicho mpaka injini ilale ikapoa, na mafuta yawe kati ya robo na robo tatu ya tangi. Na pampu ikijikata kituoni, usiongeze hata kidogo: petroli ya ziada huingia kwenye chombo cha mkaa na kukiharibu.