Sikusoma Kipengele cha 17

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimetumiwa mkataba. Kila kitu safi, ila mwishoni wameandika habari za mamlaka ya mahakama. Nisaini tu?" Ujumbe ule niliurudia mara tatu. Mimi swali hilo sikumwuliza mtu.

Nilikuwa nachora michoro kwa kampuni ya nje. Kazi, malipo na tarehe nilivisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilipofika kipengele cha 17 macho yalishachoka, na kalamu nilikuwa nayo mkononi. Kilisema mkataba utaongozwa na sheria za England na Wales, na mahakama za huko pekee ndizo zitakazosikiliza mgogoro wowote. Nikasaini, tena kwa mbwembwe.

Kazi wakaipokea, wakaitumia. Malipo ya mwisho hayakuja. Nikabeba faili nene hadi kwa wakili. Hata hakulifungua; aliomba ukurasa wa mwisho tu, akaligonga neno "pekee" kwa ncha ya kalamu. "Haki ya kudai unayo," akasema. "Ila si hapa." Na kwenda kudai kule kungemeza deni lote.

Mdogo wangu, hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. Sheria inayoongoza mkataba ni kipimo atakachotumia hakimu. Mamlaka ya mahakama ni kuhusu hakimu mwenyewe: yupi, na wa wapi. Hakimu wa nchi moja anaweza kabisa kuamua kwa sheria ya nchi nyingine. Na usidhani neno "pekee" lisipokuwepo umepona. Chini ya Mkataba wa Hague wa 2005, makubaliano ya kimataifa kuhusu kuchagua mahakama, mkichagua mahakama za nchi moja iliyojiunga nao, huhesabiwa kuwa hizo tu, mpaka mseme wazi vinginevyo.

Siku hizi naanza kusoma kutoka nyuma. Swali langu la kwanza: huyu akinidhulumu, mali yake iko wapi? Hukumu ya nyumbani kwako inaweza kuwa karatasi tu kama mdaiwa hana kitu huko, kwa hiyo wakati mwingine afadhali mahakama ya kwake. Ndiyo maana wengi huandika usuluhishi (arbitration), yaani mgogoro uamuliwe na msuluhishi badala ya mahakama: uamuzi wake, unaoitwa tuzo, hutambuliwa katika nchi zaidi ya 170 kupitia mkataba wa kimataifa uitwao Mkataba wa New York wa 1958. Usuluhishi nao una gharama zake, lakini.

Mnapenda kusema "kipengele hicho ni cha mawakili, hakinihusu." Kinakuhusu! Soma. Ukiona "pekee", omba kibadilishwe kabla hujasaini, maana ukishasaini hakuna atakayekusikiliza. Nimewaambia hili mara ngapi?

Yule kijana nilimjibu hivyo hivyo. Kisha nikafungua tovuti ya wale jamaa, tabia ambayo sijaweza kuiacha. Michoro yangu bado ipo pale juu. Wamebadilisha rangi tu.