Maswali na majibu: Kuwapeleka watoto wa mtaa mlimani

Toleo lililopita tulizungumzia vijana wanaojitolea kuwatoa watoto wa Chang'ombe, Nkuhungu na Kizota hapa Dodoma kwenda kupanda vilima na kutembea porini, watoto ambao kwao hakuna anayepanga matembezi ya likizo. Maswali yamekuja mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia.

Shikamoo. Nasoma UDOM mwaka wa pili. Sijawahi kuwa skauti wala sijui kupiga hema. Nitafaa kweli? (Mwanafunzi, Ng'ong'ona)

Marahaba, mdogo wangu. Hema liache kwanza, maana safari zako za mwanzo hazitakuwa za kulala. Asiyefaa ni yule anayewaambia watoto "Jumamosi saa kumi na mbili" halafu saa mbili bado yuko kitandani. Hao wameahidiwa mengi na watu wengi. Tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu wanayatoa. Kisha omba kuwa mkia: yule anayetembea nyuma ya wote, haachi mtoto yeyote nyuma yake, na kila mkisimama anahesabu vichwa. Ukiwa mkia utajifunza haraka kuliko anayetamba mbele na filimbi.

Sisi watumishi tumechangishana. Tunataka kuwapandisha watoto 40 treni ya SGR hadi Morogoro, halafu basi hadi hifadhi ya wanyama ya Mikumi. Unaonaje? (Mtumishi, Ipagala)

Naona mtafurahi nyinyi zaidi. Treni tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024 kila mtoto anaitamani, sikatai. Lakini Mikumi watakaa ndani ya basi siku nzima wakichungulia dirishani, na wakirudi fedha imekwisha na hakuna safari ya pili. Fedha hiyohiyo inawapeleka watoto 12 mlima Imagi mara nyingi mpaka waujue kama wanavyojua stendi ya Sabasaba.

Imagi mnaufikia bila kukodi Coaster. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne muwe mmeshashuka. Juu kule wape kazi: kila mtoto atafute paa la kwao, reli inakopita, upande upepo unakotoka. Mkiona pimbi kwenye majabali, kaeni kimya muwaangalie, msiwarushie mawe. Na mkikutana na mtoto anayechunga mbuzi, wa kwenu watataka kumcheka. Mwombeni awaonyeshe ni mti gani unaliwa matunda na upi una miiba ya kutoboa ndala. Nimeona watoto wajanja wa Majengo wakimfuata mchungaji wa umri wao kama mwalimu mkuu, na sijaona mbuga ya wanyama iliyofanya hivyo.

Wakishazoea, na fedha ikiwepo, nendeni Kolo kwenye michoro ya miambani ya Kondoa. Ni kama kilomita 180 kaskazini mwa jiji, lami tupu hadi Kolo kijijini. Michoro iko kwenye mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150, na UNESCO iliyaingiza maeneo hayo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Anzieni ofisi ya mambo ya kale pale Kolo mpewe mtu wa kuwaongoza. Watoto waambiwe mapema: hakuna kugusa ukuta, hakuna kumwagia maji mchoro ili uwake kwenye picha. Baadhi ya mapango wenyeji bado wanayafanyia matambiko, kwa hiyo kelele za mpirani ziachwe kwenye gari.

Wazazi wa wavulana wamekubali. Mama mmoja amekataa binti yake asije, na binti analia. Nimshawishi vipi? (Mwalimu wa kujitolea, Chang'ombe)

Kwanza, mama huyo ana haki. Mtu asiyemjua anamchukua binti wa miaka 13 kwenda porini. Mimi ningekataa pia. Usimtumie mtoto kumlainisha mama yake. Nenda nyumbani jioni akishatoka sokoni, ukiwa na mwanamke wa kikundi chenu, na ikiwezekana mjumbe au mwenyekiti wa mtaa awatambulishe. Keti. Kunywa maji ukipewa. Mweleze mnakokwenda, chombo gani, saa ngapi mnarudi, nani atalala na nani kama ni safari ya kulala. Mwachie namba mbili za simu, mojawapo ya mama mwenzake ambaye mtoto wake ameshakwenda. Huyo mama mwenzake ndiye atakayemaliza shughuli.

Kisha mwalike aje mwenyewe. Akina mama wengi hawataki, lakini kule kualikwa tu kunabadilisha mazungumzo. Mmoja akija mara moja, mtaa mzima utasikia habari zenu kutoka kwake.

Na mambo yenu yawe yamekaa sawa kabla ya kubisha hodi. Kila safari iwe na mwanamke mtu mzima. Mtu mzima mmoja asibaki na mtoto mmoja peke yao, hata kwenye bajaji ya kumrudisha nyumbani. Pedi ziwemo kwenye begi la huduma ya kwanza, na zitolewe bila mtoto kuomba mbele ya wavulana. Nyama ichinjwe na Mwislamu ili wote wale. Jumamosi ni rahisi kuliko siku nyingine: haigongani na Ijumaa wala kanisa, isipokuwa kwa Wasabato, hao waulizeni. Mkirudi, mrudi kabla ya magharibi. Ukichelewa mara moja bila kupiga simu, usirudi kwa yule mama kuomba tena.

Lazima nipitie ofisi gani? (Kijana, Nkuhungu)

Mtendaji wa kata, afisa maendeleo ya jamii, na afisa ustawi wa jamii. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hata yule mrefu wa kidato cha nne unahitaji ridhaa ya mzazi wake kwa maandishi. Hifadhi za misitu ya taifa ziko chini ya TFS, wakala wa misitu. Mapori ya akiba kama Swagaswaga na Mkungunero yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Kijijini, mwenyekiti. Polisi wanatoa hati ya tabia njema. Kila mtu mzima wa kikundi awe nayo, na anayenung'unika abaki nyumbani. Mtoto akikueleza jambo baya analofanyiwa, namba ya bure ni 116.

Jua, nyoka, nyuki. Nihofie kipi zaidi? (Baba wa watoto watatu, Kizota)

Jua, kaka. Oktoba na Novemba hapa kwetu si miezi ya kutembea mchana. Juni na Julai ni nzuri, ila asubuhi upepo unauma na wengi hawana sweta, azima kabla. Safari ya siku nzima hesabu lita 3 za maji kwa kila mtoto. Mkiishiwa ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, tengenezeni wenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anayeanza kujibu ovyo au kuyumba awekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na safari imeishia hapo.

Nyuki ndio wa pili. Wanakaa kwenye mashimo ya mibuyu na nyufa za majabali, hivyo hakuna kuwasha moto chini ya mbuyu wala kurusha mawe juu. Wakitoka, funika kichwa kwa fulana, kimbia mpaka ndani ya nyumba au gari, usisimame kuwapiga.

Nyoka huuma mkono uliotiwa shimoni na mguu uliokanyaga bila kuangalia. Aliyeumwa asitembee, fungia kiungo kipande cha mti kama kilichovunjika, mbebe, hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Jiwe jeusi la nyoka mwachie mwenye nalo.

Mvua zikianza Desemba, msipumzike kwenye makorongo. Maji huja kutoka mvua iliyonyesha mbali, nyinyi mkiwa kwenye jua.

Vipi kuogelea bwawa la Hombolo au Mtera? (Vijana, Makole)

Hapana. Hombolo kuna kichocho, Mtera kuna mamba.

Wafadhili wanataka picha za watoto wakifurahi. (Kiongozi wa kikundi)

Pigeni migongo yao wakipanda. Sura ya mtoto haiendi popote mpaka mzazi aseme ndiyo akiwa ameona picha yenyewe, na maneno "watoto wa mazingira magumu" yasiandikwe chini yake. Darasani kwake kuna wenye simu, watayaona. Na fedha ya zile fulana na bango mnazochapisha kila safari, wanunulieni watoto viatu.

Nimehamishiwa Mwanza, naondoka mwezi ujao. Watoto hawajui. Si bora nipotee taratibu wasiumie? (Mtumishi, Mailimbili)

Usifanye hivyo. Waambie wewe mwenyewe, wiki hii, wakati bado mna safari moja mbele. Nenda na atakayebaki kwa kila mzazi, mtambulishe kwa jina. Safari ya mwisho aongoze yeye, wewe uwe mkia. Fomu za ridhaa na namba za wazazi umkabidhi mkononi, na kwenye simu yako uzifute.