Jibu: Nibadilishe pikapu (sumaku za kunasa mtetemo wa nyuzi) na vigingi (vya kukazia nyuzi) vya gitaa la Stratocaster?

Ndugu, kama Squier Stratocaster yako inapoteza tyuni na sauti yake ni nyembamba, usinunue kitu kwanza. Vigingi mara chache ndiyo tatizo. Ukikaza uzi wa G ukasikia "tik", unanasa kwenye mfereji wa nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi, karibu na vigingi); paka unga wa penseli, ikishindikana fundi aupanue kidogo. Nyuzi mpya zivute kwa mkono na kutyuni tena mpaka ziache kushuka.

Kuhusu sauti, bonyeza uzi kwenye freti (ukingo wa chuma shingoni) ya mwisho upime kutoka chini ya uzi hadi kwenye pikapu: milimita 2.4 upande wa E nene, 2 upande wa E nyembamba. Ukiisogeza karibu mno, sumaku huvuta uzi na noti za juu zinayumba.

Ukiendelea kuwashwa na hamu ya kununua (na utawashwa tu), humbucker (pikapu ya koili mbili) kwa kawaida hutaka poti (vidhibiti vya sauti na toni) za kilo-omu 500. Kwenye 250 za Strat ung'avu wa sauti yake utapungua. Poti kubwa huhitaji tundu kwenye gitaa la milimita 9.5 hivi, na magitaa mengi ya bei nafuu yana tundu dogo. Pima kabla ya kuagiza.