Muulize Fundi: Shaba nzima, misumari imekwenda na maji

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Mie nahodha wa mashua, Mkokotoni. Mwaka jana nilipata bati la shaba nyekundu, la mtumba lakini zuri, nikalivisha kwenye mkuku nikalipigilia kwa misumari ya chuma ya kawaida. Juzi nimepandisha chombo tupake deheni, wallahi misumari imekwisha, vichwa vimekwenda vyote, na shaba iko vile vile nilivyoiweka. Vijana wananambia nimeuziwa misumari feki. Mmoja kanambia nipige kipande cha zinki hapo na yatakwisha. Nimsikilize nani?
Nahodha, Mkokotoni

JAWABU: Wa alaykum salaam nahodha. Muuza misumari mwachie, hana kosa, ungepigilia hata misumari ya bei mbaya madamu ni ya chuma ingekwenda vile vile. Metali zina daraja zao. Kuna zinazotoa elektroni zao, vile vichembe vidogo vya umeme, upesi na kuna zinazozing'ang'ania, na ukianzia kwenye upesi unapata magnizi, alumini, zinki, chuma, stani (ile metali ya kulehemia), risasi, kisha mbali huko shaba, fedha na dhahabu. Sasa weye umezigusanisha mbili, chuma na shaba, ukaziweka kwenye maji ya bahari ambayo kila lita moja ina kama gramu 35 za chumvi, basi hapo ushatengeneza betri bila ya kujua. Chuma kinatoa elektroni, zinapita kwenye shaba, na chuma chenyewe kinayeyuka kidogo kidogo kuingia majini. Tena ubaya wake bati la shaba ni pana na msumari ni kadogo, kwa hivo mzigo wote wa lile eneo kubwa unaangukia kwenye vile vichwa vya misumari. Ingekuwa kinyume chake, bati la chuma na misumari ya shaba, ingechukua miaka kabla hujaona kitu.

Na wala si weye wa mwanzo. Manowari moja ya Uingereza, HMS Alarm, ilivishwa shaba chini mwaka 1761, ikenda zake Karibi, ilipokaguliwa mwaka 1763 wakakuta misumari ya chuma imeliwa vibaya sana. Lakini kuna baadhi ya sehemu misumari ilikuwa mizima, na hapo ndipo penye raha ya kisa hichi, mana walipoangalia vizuri wakakuta zile karatasi nzito za rangi ya kahawia zilokuja zimefunga mabati kiwandani, watu kwa uvivu wao hawakuzitoa, zikabaki katikati ya shaba na chuma. Karatasi tu! Metali hazikugusana, elektroni hazikupata njia.

Sasa zinki. Kijana wako kasema nusu ya kweli. Zinki iko chini ya chuma kwa ung'ang'anizi, kwa hivo ukiigusanisha na chuma inakubali kuliwa yeye chuma kipone, ndo mana wenye boti za injini wanafunga vipande vya zinki karibu na shafti na panka. Vile vipande usivipake rangi hata siku moja, vikipakwa rangi havifanyi kazi, na vikishaliwa nusu badilisha. Ila kwa shaba yako kuna mtego. Mwaka 1824 mwanasayansi Humphry Davy aliwashauri jeshi la majini la Uingereza waweke vipande vya zinki au chuma juu ya shaba za meli ili shaba isiliwe. Na kweli shaba haikuliwa. Lakini meli zikajaa makome na mwani chini mpaka zikawa nzito kwenda, kwa sababu kumbe shaba ndo inafukuza vile viumbe kwa kuyeyuka yeye kidogo kidogo majini, ukiizuia isiyeyuke imekuwa bati tu kama bati jengine. Wakaachana nayo.

Kwa hivo toa chuma chote hapo, pigilia kwa misumari ya shaba hiyo hiyo nyekundu. Ya shaba ya njano usiichukue hata ukipewa rahisi, mana ile ni shaba imechanganywa na zinki na bahari inaichomoa zinki ndani, msumari unabaki na umbo lake lakini hauna nguvu. Na kama kuna bolti ya chuma karibu weka kitu katikati, mpira au hata lami.

SWALI: Fundi, mie nikipika maharage kwa magadi sufuria langu la alumini linakuwa jeusi ndani, nikipika mchuzi wa ukwaju linang'ara kama jipya. Ule weusi ni sumu? Na nina dele la shaba la marehemu bibi, nikilisafisha kwa ndimu na chumvi linatoka na mabaka mekundu.
Bi Mkubwa, Wete

JAWABU: Ule weusi si sumu bibi yangu. Alumini ina ngozi nyembamba ya oksaidi, yaani alumini iloungana na oksijeni ya hewa, juu yake ndo inayoilinda, magadi yanaichezea ile ngozi inabadilika rangi. Ukwaju ni asidi, unaila, ndo ukaona kunang'ara, na kilicholiwa kimeingia kwenye mchuzi. Kidogo tu, usiogope, ila achari na mchuzi wa ndimu usivilaze humo, tia kwenye gilasi au chuma cha pua. Na kostiki soda usiipeleke karibu na alumini kabisa, inachemka yenyewe inatoa gesi ya haidrojeni na sufuria linatoboka.

Dele lako ni la shaba ya njano. Ndimu ukiiacha muda mrefu inatoa zinki ya juu, inabaki shaba tupu, na shaba tupu ni nyekundu. Paka, sugua upesi, suuza kwa maji mengi, kausha kwa kitambaa hapo hapo. Halafu yale maji ya ndimu yalogeuka kijani usiyamwage mwanzo, waite wajukuu, tumbukiza msumari wa chuma ulosuguliwa msasa, ngojea kidogo. Utatoka una rangi ya shaba! Shaba ilokuwa imeyeyuka kwenye ndimu imerudi kuwa metali juu ya msumari na chuma kimechukua nafasi yake majini. Ndo ile ile khabari ya nahodha. Kisha mwaga, asiyaonje mtu.

SWALI: Skuli tumeambiwa asidi haili shaba, halafu ukurasa wa pili asidi ya nitriki inaila shaba. Lipi sahihi?
Mwanafunzi, Chake Chake

JAWABU: Yote mawili. Asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa maji ukitia zinki inatoa mapovu ya haidrojeni, ukitia shaba hakuna kitu, shaba haina ubavu wa kuitoa haidrojeni. Ya nitriki inashambulia kwa njia nyengine, inaoksidisha, yaani inainyang'anya shaba elektroni zake, na kinachotoka si haidrojeni, ukitumia kali ni gesi ya rangi ya kahawia na hiyo ni sumu, msijaribu bila ya mwalimu. Jaribuni mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba ndani. Yeyusheni kwenye maji yawe ya buluu, tieni kipande cha zinki, buluu inafifia na zinki inavaa utando wa shaba.

SWALI: Nachomelea mageti Mwanakwerekwe. Nikichoma paipu zile za kung'ara zilotiwa zinki, usiku napata homa na baridi, asubuhi mzima. Wenzangu wanasema ninywe maziwa.
Fundi kijana

JAWABU: Maziwa kunywa kama unayapenda, dawa si dawa. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi na moto wako unapita hapo mbali sana, zinki inapaa, inakutana na hewa inakuwa ule moshi mweupe wa oksaidi ya zinki unaouvuta. Homa inakuja masaa baadae, kawaida inaondoka yenyewe kwa siku moja au mbili. Piga grenda zinki pale unapotaka kuunga mpaka uone chuma, na hapo pia vaa barakoa ya mafundi, ile ya kitambaa haizuii moshi. Fanya kazi nje, upepo ukupige ubavuni usikuletee moshi usoni. Kifua kikibana au pumzi ikawa shida usingoje asubuhi, nenda hospitali na uwaambie ulikuwa unachoma nini.