Rekodi za Kanada zisikutishe, dada

Pole na wasiwasi, dada. Umesoma kwamba Kanada imewahi kufika joto la nyuzi 49.6 na pia baridi ya nyuzi 63 chini ya sifuri, nawe unahamia Winnipeg mwezi Januari na mtoto mdogo.

Namba hizo ni za kweli, ila hazitoki mahali pamoja. Joto lile lilipimwa Lytton, British Columbia, tarehe 29 Juni 2021. Kesho yake moto ukateketeza karibu kijiji kizima. Baridi ile ni ya Snag, Yukon, Februari 1947. Rekodi ni siku moja kati ya maelfu, kwa hiyo tazama wastani wa mji wako. Januari ya Winnipeg huzunguka nyuzi 16 chini ya sifuri, na usiku wa 30 chini si ajabu.

Usinunue koti Kariakoo. Mimi nilifanya hivyo, na wiki ya kwanza nililia kituoni nikisubiri basi. Njoo na sweta na soksi nzito za kuanzia, koti na buti ununue huku. Mtoto avae nguo nyingi nyepesi, moja juu ya nyingine, na masikio yafunikwe kabisa.

Usipuuze upepo. Kwenye baridi kali yenye upepo, ngozi iliyo wazi huganda ndani ya dakika chache. Vidole vikifa ganzi na kuwa vyeupe, usivisugue: ingia ndani, na hisia isiporudi, nenda hospitali mara moja.