Mfundishe Mtu Kusimulia Anachokipenda

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ukiambiwa umfundishe mwenzako kitu kimoja tu cha Kiingereza, utachagua kipi? Mimi hufundisha Kiingereza jioni kwa watu wazima huku Eastlands, Nairobi, na jibu langu liko tayari. Nitamfundisha vile vitenzi vya maneno mawili (phrasal verbs) vinavyomwezesha kusimulia uraibu wake, yaani hobi yake: alivyouanza, ulivyomkolea, alivyouacha na alivyourudia.

Nasema hivyo kwa sababu ya sentensi ninayoisikia kila nikipokea wanafunzi wapya: "My hobbies are reading novels, swimming and making friends." Kizazi baada ya kizazi tumeikariri tangu shule ya msingi, na watu bado wanaibeba hadi kwenye mahojiano ya kazi. Sarufi yake haina kasoro. Ila haimhusu anayeisema, na anayehoji akiongeza swali moja tu, mazungumzo yamekwisha.

Alinijia mlinzi wa usiku wa jengo moja la Upper Hill, mtu wa makamo, akaitamka sentensi hiyo bila kukwama. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili anafanya nini kabla ya zamu kuanza. Ndipo zikaja habari za drafti pale Jeevanjee Gardens: ubao wa plaiwudi uliochorwa miraba kwa mkono, kete za vifuniko vya soda, huyu amevilaza chali na yule kifudifudi wasichanganyikiwe, na watazamaji waliosimama nyuma wakibishana kwa kila kete inayosogezwa. Alizungumza mpaka darasa zima likanyamaza. Kisha akaniuliza, "Kwani mwalimu, hiyo nayo ni hobi?"

Ndiyo hasa, mzee wangu. Tukaanzia hapo hapo. Drafti hakufundishwa na mtu, aliipata kwa kuwatazama wazee wakicheza: "I picked it up by watching the old men." Ikamnogea kidogo kidogo: "I got into it." Alipopangiwa zamu mbaya akaacha: "I gave it up." Sasa ameanza kuirudia: "I'm getting back into it." Sentensi hizi ni fupi mno, lakini ukizisikia umeshamjua mtu, na una la kumuuliza zaidi.

Hapo sasa lazima mwalimu awe mkali kuhusu mpangilio wa maneno, maana ndipo penye kazi. Katika "picked it up" na "gave it up", hicho kiwakilishi "it" hukaa katikati, na hakuna ruhusa ya kusema "gave up it". Ukitaja mchezo wenyewe una hiari: "I gave up draughts" au "I gave draughts up", zote sawa. Lakini "get into" haikubali kupasuliwa. Ni "get into it" siku zote. Na kitenzi kikifuata, kinachukua -ing: "She took up cycling." Hata baada ya "look forward to", ambapo hiyo "to" huwahadaa wengi, ni "I look forward to playing", si "to play". Nawafanya wanafunzi wazitamke kwa sauti, tena na tena, kwa uraibu wao wenyewe: anayefuga njiwa aseme njiwa, anayeimba kwaya aseme kwaya.

Najua vitenzi hivi vinaogopwa. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake kubwa London mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba vitenzi vinavyogeuzwa maana na neno dogo linalofuata ndivyo vinavyowatatiza sana wageni, na kwamba amevishughulikia kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, naamini Mswahili ana pa kushikia. Sisi wenyewe tunageuza maana kwa kugusa mwisho wa kitenzi: funga, fungua, fungia, fungana. Hakuna mtoto anayechanganya kufunga mlango na kuufungua. Mwingereza naye anageuza mwishoni, ila kineno chake anakiacha kisimame peke yake: "give up" ni kuacha, "give in" ni kusalimu amri, "give away" ni kugawa bure. Nikiliweka hivyo ubaoni, mabega ya watu hushuka kwa nafuu.

Shuleni tulikutana navyo katika sehemu ya sarufi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, neno limepigiwa mstari ulibadilishe kwa kitenzi cha maneno mawili. Siupingi mtihani. Ninachopinga ni kuvisoma vyote kwa mkupuo, kimoja kikizungumzia ndege na kingine deni, bila mtu yeyote anayeishi ndani yake. Vipange kwa maisha ya uraibu mmoja, uone vinavyoshikana. Mtu hujiandikisha katika kikundi cha kupanda Ngong Hills: "sign up". Akifika kikundi kimeshaanza kuimba, anajiunga nao: "join in". Anaahirisha kwa sababu ya mvua: "put off". Anaendelea bila kukata tamaa: "keep it up". Siku moja anakinai, hana hamu tena, na hapo Waingereza husema "I've gone off it". Kwa mkazi wa Nairobi naongeza "fit in", yaani kuupatia uraibu nafasi kwenye siku iliyoliwa na foleni ya Jogoo Road: "I fit in a run before work." Na "take up" nakisisitiza kwa sababu kina sura mbili: "I took up running" ni kuanza kukimbia, ilhali "Running takes up my mornings" ni kukimbia kunakomaliza asubuhi zako.

Kuna tahadhari moja kwa wanaotafuta kazi. "I'm into football" ni ya marafiki na ya ndani ya matatu. Kwenye barua ya maombi andika "I am interested in" au "I enjoy". "Take up" haina shida. "I took up chess in 2019" itasomwa vizuri ofisi yoyote, na mwenye kuhoji akiuliza ilikuwaje, utakuwa na jibu lako mwenyewe.

Msomaji wenu, Eastlands, Nairobi